SOMO: Kwenda hospitali Kampala wakati bado unajifunza lugha

Ukipewa barua ya rufaa ya kwenda Mulago, safari haiishii kwenye basi. Wakazi wa Nakivale wamezoea Kinyankole sokoni, lakini Kampala utasikia Kiganda barabarani na kusomewa Kiingereza hospitalini. Kiswahili kiliingizwa katika Katiba ya Uganda kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Hata hivyo, kwa watu wengi mjini bado ni lugha ya askari, kwa hiyo usianze nacho. Anza na salamu: "Ssebo" kwa mwanamume, "Nnyabo" kwa mwanamke, kisha "Eddwaliro ly'e Mulago liri ludda wa?", yaani hospitali ya Mulago iko wapi?

Kiganda na Kiswahili ni ndugu, na hapo ndipo tunapopotea. Ukiambiwa "wala", hukukataliwa kitu. Maana yake ni mbali. Karibu ni "kumpi". Kondakta wa teksi akisema "lukumi", usimpe shilingi kumi: anataka 1,000. "Kikumi" ni 100. "Bitaano" ni 500, si tano, na "lukumi mu bitaano" ni 1,500. Uliza "Mmeka?" kabla ya kupanda, hasa pikipiki. Ukitaka kushuka, sema "Maaso awo, ssebo."

Saa za Kiganda zinakwenda kama zetu: "ssaawa bbiri" ni saa mbili asubuhi. Lakini karatasi ya hospitali huandikwa kizungu. Ukiona 8:00 AM, ni saa mbili asubuhi. 2:00 PM ni saa nane mchana. Aliyesoma 8:00 AM kama saa nane atafika watu wa asubuhi wameshahudumiwa, na huenda akalala mjini bila nauli ya pili.

Neno la hatari kuliko yote ni "ndiyo". Tunaitikia kwa heshima, au kwa aibu, huku hatujaelewa. Mganga akiuliza kama una mzio wa dawa fulani nawe ukaitikia tu, anaandika ulichoitikia. Sema bila woga: "Sitegeera. Ddamu mpola." Maana yake: sielewi, rudia polepole. Kama kuna upasuaji, usitie sahihi wala dole gumba kabla ya kuelezwa kwa lugha unayoijua. Omba mfasiri mtu mzima. Usimtumie mtoto wako, hata kama amejifunza Kiganda upesi kukushinda: mama hawezi kueleza habari za tumbo la uzazi kupitia kinywa cha mwanawe, ataficha nusu.

Kwenye dirisha la dawa, "1 x 3" ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Si vidonge vitatu kwa mara moja. Mwombe anayegawa dawa akuhesabie vidonge mkononi na kuchora jua kwa asubuhi, mwezi kwa usiku. Kisha wewe umwonyeshe utakavyomeza, naye akusahihishe.

Beba barua ya rufaa, kitambulisho cha mkimbizi na namba ya simu ya mtu wa makazini, vyote ndani ya mfuko wa plastiki. Ukirudi, mpelekee mhudumu wa afya wa kijiji karatasi zako kesho yake, aangalie nawe tarehe ya kurudi Mulago na dawa ulizopewa.