Habu Kwanza, Mdogo Wangu

Mdogo wangu wa Makete, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, pale uliposema Hilux aliyokuachia marehemu baba ina gia mbili, "ya mama na ya mtoto". Mara ya pili nilikunja uso, pale shemeji yako anapokukataza kuigusa hiyo ya mtoto kwa sababu eti inakula mafuta na itakuulia gari. Masika yamebisha hodi, viazi viko shambani, barabara ni udongo mtupu, na wewe una fowili, yaani gia ya kusukuma kwa matairi yote manne, ambayo hujaiweka hata siku moja. Vuta kigoda tuongee.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza na pikapu, nilikuwa natoka Lushoto kuelekea Mtae kufuata kabichi. Mvua ilikuwa imepiga usiku kucha. Nilipofika kwenye kilima kinachong'aa kama kimepakwa mafuta, nikasimama, nikavuta gia ndogo, hiyo yako ya mtoto, hadi H4, kitaa kikawaka kwenye dashibodi, nikajiona mwanamke wa shoka. Gari likapanda kidogo, likaanza kucheza mkia, likazama. Nikakanyaga mafuta. Likazidi kuzama. Mzee mmoja aliyesimama ukingoni, jembe begani, alinitazama kwa muda, kisha akasema taratibu: "Mwanangu, mbona matairi ya mbele hayazunguki?"

Nikashuka kutazama. Ya nyuma yalikuwa yamechimba hadi ekseli inagusa tope. Ya mbele yametulia kama maharusi kwenye kochi. Ile duara katikati ya ringi ya mbele, ambayo mafundi huiita habu, mshale wake ulikuwa unaangalia FREE. Upande wa pili vilevile. Fowili nilikuwa nimeiweka kwenye gia, lakini matairi yenyewe yalikuwa hayana habari.

Kwa hiyo kabla ya gia, shuka. Kwenye Hilux za zamani kama yako, habu hufungwa kwa mkono: geuza hadi LOCK, kulia na kushoto. Ukifunga moja ukasahau nyingine hujafanya kitu, maana difu ya mbele itapeleka nguvu yote upande ule uliolegea. Tumia vidole, usitumie koleo, ukivunja hiyo duara utaitafuta madukani hadi uchoke. Tena nikupe siri ambayo ingeniokoa siku ile: masika yakianza, mimi hufunga habu zangu na kuziacha zimefungwa msimu mzima. Habu ikiwa LOCK na gia ikiwa H2, unaweza kutembea hata kwenye lami bila neno. Utakula mafuta kidogo zaidi, hapo shemeji ana ukweli wake, lakini ni kidogo mno ukilinganisha na kukodi trekta likakuvute.

Sasa herufi. H2 ni ya kila siku, tairi za nyuma peke yake zinasukuma. H4 ni tairi za mbele na za nyuma, kwa mwendo wa kawaida. L4 ni zote nne kwa mwendo wa kobe, nguvu ikiwa imezidishwa zaidi ya mara mbili. Halafu kuna N, na hii isikilize vizuri: gia ndogo ikiwa N, injini haijashikana na tairi yoyote. Hata ukiweka gia kubwa namba moja ukadhani umefunga gari, litaserereka lenyewe. Hendobreki kwanza, kila unapopita hapo mlimani.

Watu wengi hudhani H4 inaongeza nguvu. Haiongezi hata chembe. Nguvu ni ileile, ila inagawiwa mbele na nyuma ili tairi zisikate tamaa mahali penye utelezi. Kama gari limelemewa, limebeba magunia na kilima kimesimama wima, unachohitaji ni L4.

Kutoka H2 kwenda H4, habu zikiwa zimefungwa, unaweza kuweka ukiwa unatembea polepole, usukani umenyooka, mguu umetoka kwenye mafuta. Ila tairi za nyuma zikiwa tayari zinasaga tope, usithubutu, simama kwanza. L4 ni lazima gari lisimame kabisa, ukanyage klachi, ndipo uvute. Ikigoma usipigane nayo: achia klachi kidogo gari lisogee kama nusu hatua, simama, jaribu tena. Meno ya gia yanatafutana tu.

Na iweke kabla ya tope. Hili ndilo linaloniuma nikiona vijana barabarani: anaingia kwenye dimbwi na H2 kwa ubabe, akishanasa ndipo anakumbuka gia ndogo. Wakati huo tairi zimeshachimba makaburi mawili, na fowili inakuta kazi ya kufukua badala ya kupita. Ukiona rangi ya udongo imebadilika, ukiona malori yameacha mifereji, weka.

Je, kwenye lami? Hapana. Siku moja fanya hivi: tafuta uwanja wenye mchanga uliolowa, kata kona polepole, kisha shuka utazame alama. Utaona tairi za mbele zimepita kwenye duara kubwa, za nyuma zimekatia ndani. Maana yake za mbele zimetembea safari ndefu zaidi. Sasa kwenye H4, gari lako linalazimisha shafti ya mbele na ya nyuma zizunguke sawasawa. Kwenye tope hakuna ubaya, tairi inateleza kidogo na deni linaisha. Lami haitelezi, kwa hiyo deni linajilimbikiza kwenye gia, kwenye shafti, kwenye maungio. Niliwahi kusahau, nikashuka na H4 kutoka Lushoto kuelekea Mombo, kona baada ya kona. Nilipofika Soni usukani ulikuwa mgumu kama mtu ameushikilia upande wa pili, tairi zinalia, na gia ndogo haitoki hata nikiivuta kwa mikono miwili. Dereva wa lori akaniambia nirudi rivasi, moja kwa moja, mita chache tu. Nikarudi, gia ikachomoka kama jino bovu. Tangu siku hiyo, nikitoka kwenye tope narudi nyuma kidogo kabla sijarudisha H2. Jirani mwenye Prado akikwambia yeye anatembea na fowili mwaka mzima, mwambie hongera: kuna magari yaliyowekewa difu ya katikati kwa kazi hiyo. Lako halina.

Kushuka mlima ndiko kunakonitia hofu kwa ajili yako, kwa sababu milima ya kwenu naijua. Fowili haikusaidii kufunga breki. Hata chembe. Ina tairi nne za kukupeleka, lakini gari lenye tairi mbili za kusukuma nalo linafunga breki kwa tairi nne. Kwenye mteremko wa utelezi weka L4 ukiwa bado juu, gia namba moja, kisha toa mguu kwenye klachi na uuache hapo pembeni. Injini yenyewe italishika gari. Mkia ukianza kutaka kukupita, moyo utakwambia ukanyage breki, usiusikilize. Kanyaga mafuta kidogo sana, tairi zizunguke, gari linyooke. Najua ni kinyume cha akili. Nami ilinichukua misimu miwili kuuamini mguu wangu.

Halafu matairi. Fowili yenye tairi kipara ni sawa na kuvaa kandambili kwenye kinamasi. Usichanganye saizi, mbele ndogo nyuma kubwa, maana lile deni nililokueleza litakuwepo hata ukienda moja kwa moja. Na ujue hata ukiweka kila kitu sawa, tairi moja ya mbele na moja ya nyuma zikining'inia hewani juu ya mifereji, hizo mbili zitazunguka bure na gari halitaondoka. Ni tabia ya difu za kawaida. Hapo ni jembe, mawe na majani makavu chini ya tairi, sio mafuta. (Ndugu zangu wa Pwani mnaohangaika na mchanga, ninyi dawa yenu ni kupunguza upepo, hadi karibu psi 20 au chini kidogo, kisha mjaze tena mkifika lami. Msije mkasema Dada hakutukumbuka.)

Kuhusu "itakuulia gari", ukweli ni kinyume chake. Kinachoua fowili ni kutoitumia. Oili ya difu ya mbele inakaa chini imelala, sili zinakauka, habu zinashika kutu. Angalau kilomita 16 kila mwezi, kwenye barabara ya vumbi, weka H4 utembee. Ukivuka maji ya kufika kwenye difu, kesho yake mwambie fundi alegeze nati achungulie oili. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, ibadilishwe siku hiyohiyo.

Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla mvua haijanyesha, chuchumaa mbele ya gari la baba ujaribu kuzigeuza habu. Kwa miaka iliyopita bila kuguswa, nadhani zitagoma. Usizigonge na nyundo. Fundi azifungue, azioshe, azipake grisi mpya, ni kazi ya asubuhi moja. Na shemeji akiwepo, mpe tochi ashikilie.