Je, Kompyuta Kuukuu Itupwe?

Baadhi ya ndugu zetu wa Kaloleni na Umoja wametuuliza swali ambalo twaona lawahusu wengi katika mitaa hii yetu ya Eastlands. Wanasema: kompyuta zetu zawaka na zafanya kazi, walakini tumeambiwa madukani ya kuwa muda wake umekwisha na hatuna budi kununua mpya. Je, ni kweli? Na mzazi mwenye kompyuta moja tu, ambayo watoto wake huisomea, aingie deni kwa jambo hili?

Jawabu yetu ni kwamba khabari hiyo ina ukweli ndani yake, lakini hukumu iliyojengwa juu yake si sawa. Nasi tutayaeleza haya mawili mbalimbali, ili msomaji asiyachanganye.

Ama ukweli wenyewe ni huu. Kampuni ya Microsoft ilitoa Windows 10 mwaka 2015, na tarehe 14 Oktoba 2025 ikaacha kuihudumia. Watu binafsi waliojiandikisha waliongezewa ulinzi wa mwaka mmoja tu. Windows 11 nayo yataka prosesa ya miaka ya karibuni na kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa ajili hiyo kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017 hazikubaliwi.

Basi na tuangalie vyema: kilichokwisha ni ulinzi wa programu, si uhai wa chombo. Nyumba iliyoondokewa na bawabu haikuanguka. Yataka bawabu mwingine. Wala hatusemi mtu akae mlango wazi. Mwenye kuingia katika intaneti kwa mfumo usiolindwa, na humo mna siri za benki yake au barua za watu walizomwamini, ameiweka amana mahali pa hatari.

Bawabu mwingine yupo. Mwaka 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alianzisha mfumo uitwao Linux, na tangu hapo mafundi wa dunia nzima wameuendeleza. Mtu huuchukua bila malipo na kwa ruhusa ya wenyewe, kwa hivyo hana haja ya kununua nakala za wizi. Aina zake nyepesi, kama Xubuntu, hutembea vizuri katika kompyuta ambazo Windows mpya imezikataa. Pamoja nao huja LibreOffice, ambayo hufungua na kuandika barua na hesabu zilizoandikwa kwa programu za Microsoft. Haki yatulazimisha kuongeza haya: mpangilio wa kurasa huenda ukasogea kidogo, na zipo programu za kazi maalumu zisizofanya kazi humo kabisa. Ambaye riziki yake yategemea programu hizo, yeye ana udhuru wa kununua.

Sisi wenyewe tulikuwa karibu kuingia kosani. Chumba chetu cha masomo kilikuwa na kompyuta tatu, nzito mno hata vijana wakichoka kungoja. Tukachanga fedha za mpya, na fedha zile zilikuwa za watu ambao wengi wao ni vibarua. Kijana mmoja katika wanafunzi wetu, ambaye ni fundi, akatuambia: "Masheikh zangu, mmezifungua mkazitazama?" Tukaona haya, maana hatukuwa tumezifungua. Ya kwanza feni yake ilikuwa imezibwa na vumbi. Ya pili diski yake ya kuzunguka ilikuwa imechoka. Akatia ya aina ya SSD. Ya tatu ilikuwa imekufa kweli, akatoa kumbukumbu yake akawatilia wenzake wawili. Gharama yote haikufika robo ya bei ya kompyuta moja mpya, na katika baki tulilipa karo ya watoto wawili.

Kwa hivi twawausia ndugu zetu mambo manne:

Kwanza, nakili kazi zako zote mahali pengine kabla chombo hakijaguswa.

Pili, jua ugonjwa kabla ya kununua dawa. Uzito wa kompyuta mara nyingi ni vumbi, diski iliyochoka, au uchache wa kumbukumbu.

Tatu, ijaribu Linux kutoka katika flashi pasina kufuta kitu, uone kama sauti, mtandao na mashine ya kuchapa vyaitikia.

Nne, kilichokufa kisitupwe jaani. Kifutwe khabari zake, kitolewe vipuri, kisha kipelekwe kwa wenye kazi hiyo, kama WEEE Centre ya hapa Nairobi.

Na hili la mwisho latuhusu sisi kuliko wengi. Jaa la Dandora limo katika Eastlands yetu. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitangaza uchunguzi wa watoto 328 wa jirani ya jaa hilo, na nusu yao walikutwa na risasi katika damu kwa kiasi cha kufikia au kupita mpaka uliokubaliwa wakati huo. Hatusemi sumu yote hiyo yatoka katika kompyuta. Twasema ya kuwa kompyuta kuukuu zina risasi ndani yake, na moshi wa jaa hauulizi mtoto ni wa nani.

Mwenyezi Mungu amewakemea wabadhirifu, na ubadhirifu si wa matajiri peke yao. Masikini anayekopa ili atupe kizima naye amo. Mafundi wa Kamukunji huchukua pipa kuukuu wakalifanya sanduku la mwanafunzi, na hakuna anayewacheka. Basi fundi wa kompyuta naye tumpe kazi, tumlipe haki yake, na watoto wetu wakae karibu naye wajifunze.

Wabillahi ttawfiq.