Maji, Msimamizi na Daftari: Masharti ya Ubatizo Mulongwe

Mulongwe, ambako waumini wa madhehebu jirani huzamishwa katika Ziwa Tanganyika huku Wakatoliki wakimiminiwa maji kichwani, watu huulizana mara nyingi kama maji ya kikombe yanatosha. Kanuni ya 854 ya Sheria ya Kanisa inakubali kuzamisha na kumimina. Kinachodaiwa ni maji halisi pamoja na tamko la Utatu, na mwaka 2020 Roma ilitangaza kuwa ubatizo wa kusema "tunakubatiza" badala ya "ninakubatiza" ni batili, kwa kuwa anayebatiza ni Kristo, wala si kusanyiko. Kwa sababu sakramenti hiyo humtia mtu alama isiyofutika, hairudiwi, hata kwa aliyebatizwa kihalali na Waprotestanti kisha akahamia Ukatoliki.

Mtu mzima hupitia ukatekumeni, yaani muda wa mafundisho na majaribio ya mwenendo, ambao Kardinali Lavigerie aliwaagiza Mapadri Weupe, waliofika Tanganyika mwaka 1879, waufanye miaka minne, akihofia ubatizo wa haraka usio na mizizi. Kwa mtoto mchanga yatosha mzazi mmoja akubali na pawepo tumaini la kweli kwamba atalelewa katika imani.

Sharti linalopuuzwa zaidi ni la msimamizi, yaani baba au mama wa ubatizo, ambaye awe Mkatoliki aliyetimiza miaka 16, aliyepokea kipaimara na Ekaristi, anayeishi imani yake, na asiwe mzazi wa mtoto. Kwa hiyo mjomba mwenye duka sokoni, hata akinunua kitambaa cheupe na mshumaa, hafai ikiwa hajapata kipaimara, ingawa familia nyingi humtazama yeye kwanza.

Baada ya ibada, paroko huandika katika daftari la ubatizo majina ya mbatizwa, wazazi na wasimamizi, mahali na tarehe, kisha pembeni huongezwa kipaimara na ndoa vinapofuata. Katika eneo ambalo vita huwavusha watu hadi Burundi na ambalo mto Mulongwe ulifurika Aprili 2020 ukabomoa nyumba, cheti cha karatasi hupotea kwa urahisi, hivyo wazazi hufanya vema kukumbuka jina la parokia na mwaka. Pasipo daftari, kanuni ya 876 inakubali tamko la shahidi mmoja asiyetiliwa shaka, au kiapo cha mbatizwa mwenyewe ikiwa alibatizwa akiwa mtu mzima.