SHIMI: NAMBA YA HILDEBRAND

Mafuta ya mawese yanakataa kuchanganyika na maji, lakini ndani ya esansi yanayeyuka mara moja. Juu ya nini? Joel Hildebrand, mwalimu wa shimi kule Berkeley, Marekani, alishughulika na ulizo hili maisha yake yote. Kitabu chake juu ya kuyeyuka kilitoka mwaka 1924.

Katika kitu cha majimaji, vipande vidogo-vidogo vinashikana. Hildebrand aliipimia nguvu hiyo namba. Kwa vipimo vya leo heksani, ambayo iko ndani ya esansi, ina karibu 15, maji karibu 48. Namba zikiwa karibu, vitu vinachanganyika. Zikiwa mbali, vinaachana. Si kila mara! Alkoli ina 26, na tena inachanganyika na maji vizuri kabisa. Njo maana mwaka 1967 Charles Hansen aliigawa ile namba kuwa tatu.

Hildebrand alishauri pia wazamiaji wapewe gazi ya heliumu pahali pa azoti, kwani heliumu inayeyuka kidogo tu katika mwili.

Wataalamu wanahesabu mara ngapi maandiko ya mtu yanatajwa na wenzake. Kwake yeye hesabu hiyo inapunguza: watengenezaji wa rangi wanatumia namba yake bila kutaja kitabu chochote. Sisi tunaona kutumiwa hivyo kunapita kutajwa.

Mwaka 1981, karibu kutimiza miaka 100, aliandika tena historia ya elimu hiyo. Alikufa mwaka 1983.