Mtoto Akinyamaza Nyumbani: Somo kwa Wazazi Kuhusu Afya ya Akili ya Vijana

Muhula unapofungwa na watoto kurejea kutoka bwenini, wazazi wengi wa Meru na Embu huwa na maswali mawili ya haraka: mtoto amepata alama ngapi, na karo ya muhula ujao ni kiasi gani. Swali la tatu, kwamba mtoto mwenyewe yu hali gani, mara nyingi husubiri mpaka siku mwalimu anapopiga simu.

Shida hii si ya wachache. Utafiti wa kitaifa kuhusu afya ya akili ya vijana, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka wa 2022, ulibaini kwamba asilimia 44.3 ya Wakenya wa umri wa miaka 10 hadi 17 walikuwa wamepitia tatizo fulani la afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia. Asilimia 12.2 walikuwa wamefikia kiwango cha ugonjwa kamili. Katika darasa la wanafunzi 50, hao ni takriban sita.

Wengi wao hawaonekani kwa sababu nyumbani bado kuna dhana kwamba mgonjwa wa akili ni yule anayeokota makaratasi sokoni. Mtoto mwenye sonona haokoti chochote. Anaenda shule, anachota maji, anaitikia akiitwa. Kilichobadilika ni kidogo kidogo: halali vizuri au analala kutwa, ameacha kandanda aliyoipenda, analalamika tumbo au kichwa kila Jumatatu ilhali zahanati haioni ugonjwa, na alama zimeshuka bila sababu. Kwa wavulana, huzuni mara nyingi huvaa sura ya hasira. Yule anayeitwa mtundu huenda ndiye anayeumia zaidi.

Kijana yeyote hununa siku mbili tatu, na hilo si ugonjwa. Wahudumu wa afya hutazama muda na upana wake. Mabadiliko yakidumu wiki mbili au zaidi, tena yakagusa usingizi, chakula, marafiki na masomo kwa pamoja, mzazi asingoje yapite yenyewe.

Hapa kwetu kuna ugumu wa pekee kwa wavulana. Katika familia nyingi za Wameru, Waembu na Wambeere, kijana akishatahiriwa hupewa nyumba au chumba chake, na mama hukoma kuingia humo. Mila hiyo ina heshima yake na hakuna anayeomba ivunjwe. Lakini huja katika umri uleule ambao magonjwa mengi ya akili huanza kujitokeza, na huja pamoja na onyo kwamba mwanamume halii. Kijana wa miaka 13 au 14 hujikuta na mlango wake mwenyewe na hana wa kuubisha. Dawa yake imo ndani ya mila hiyohiyo. Aliyemsimamia jandoni hakupewa kazi ya wiki chache tu. Anaweza kuitwa tena, na vilevile baba, mjomba au babu. Mama naye bado anapika. Sahani ikirudi jioni haijaguswa, hiyo ni habari, na anaweza kumweleza baba bila kuvuka mlango wa mtu.

Kuzungumza ndiko kunakowashinda wengi. Kumketisha mtoto kwenye kiti na kumwambia "haya, sema shida yako" hufanana na kikao cha nidhamu, naye hufunga kinywa. Maneno hutoka kwa urahisi zaidi mikono ikiwa na kazi: wakichuma majani chai, wakikata nyasi za ng'ombe, wakirudi kutoka soko la Gakoromone au Siakago. Mzazi anaweza kuanza na alichokiona, bila hukumu: "Baba, naona siku hizi huli vizuri. Kuna kinachokusumbua?" Kisha anyamaze. Kimya cha dakika tano shambani si kirefu.

Kinachoua mazungumzo hayo ni sentensi ambazo kila mzazi anazijua: "Sisi tulitembea bila viatu," "una nini cha kukusumbua wewe, na chakula unakula?" Huenda ni kweli, lakini mtoto husikia jambo moja tu, kwamba asirudi tena. Viboko hufanya vivyo hivyo, na Katiba katika kifungu cha 53 inamlinda mtoto dhidi ya ukatili wa aina zote.

Si lazima msikilizaji awe daktari. Utafiti uliofanywa katika shule za sekondari za Nairobi na Kiambu na kuchapishwa mwaka wa 2021 ulionyesha kwamba vikundi vya wanafunzi vilivyoongozwa na vijana wa miaka 18 hadi 22 wenye mafunzo mafupi tu vilipunguza dalili za sonona na wasiwasi. Kazi hiyo ilifanywa na taasisi ya Shamiri.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi kwa urahisi kwa sababu ndilo linalolipa karo. Miraa ya Igembe na Tigania na muguka wa Mbeere ni mazao halali, na mkulima hana lawama hapa. Hata hivyo kathinoni iliyomo huchangamsha ubongo, huondoa usingizi na hamu ya chakula, na nguvu yake ikiisha moyo huporomoka. Kwa ubongo ambao bado unakua, mzigo huo ni mkubwa. Mtahiniwa wa KCSE anayetafuna ili akeshe akisoma, au mvulana aliyeacha Gredi ya 8 kwenda kuchuma miraa kwa malipo ya siku, aulizwe kwanza anakimbia nini. Wakati mwingine ni tamaa ya pesa. Wakati mwingine ni aibu ya kushindwa darasani, ambayo hakuna aliyeiuliza.

Mtoto akisema amechoka kuishi, au akianza kugawa vitu vyake anavyovithamini, mzazi amuulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Wataalamu wanasisitiza kwamba swali hilo halipandi wazo jipya, humpunguzia mzigo. Asiachwe peke yake. Dawa za kunyunyizia mimea, ambazo karibu kila boma la mkulima linazo, zifungiwe mbali na ufunguo usiwe mahali anapopajua. Familia pia isiogope polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba.

Maombi ya kanisani hayapingani na kliniki, na mchungaji mwema humtuma mgonjwa kwa daktari. Sheria ya Afya ya Akili (Marekebisho) ya 2022 inazipa kaunti jukumu la kutoa huduma hizi. Hatua ya kwanza ni mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini au zahanati iliyo karibu. Kutoka hapo mtoto anaweza kupewa rufaa hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Meru au Hospitali ya Rufaa ya Embu. Familia ambayo haijajisajili na SHA inaweza kuanza kwa kubonyeza *147#.

Siku ya kwenda, mzazi abebe maandishi mafupi: mabadiliko yalianza lini, mtoto analala saa ngapi, anakula nini, na dawa au kitu chochote anachotumia. Ampe pia nafasi ya kuongea na mhudumu peke yake. Usiku au mchana, mtoto au mzazi anaweza kupiga 116, nambari ya kuwasaidia watoto, bila malipo.