Picha ya Asili Isiguswe
Nasaha kwa wakazi wa Mutoshi na Kolwezi wanaohariri picha nyumbani kwa programu za kisasa na akili bandia

Sababu ya kijitabu hiki

Tangu ilipotiwa saini, tarehe 13 Machi 2023, ile amri yenye nguvu ya sheria nambari 23/010 iliyoweka Kanuni ya Mambo ya Kidijitali katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, picha iliyomo ndani ya simu yako haikubaki kuwa pambo la kuwaonyesha jamaa na majirani peke yake, bali imekuwa kitu kinachotazamwa na sheria: yaweza kusimama upande wako kama ushahidi, na yaweza vilevile kukufikisha mbele ya hakimu, kwa kuwa kanuni hiyo inamwadhibu mwenye kughushi data kwa kompyuta na mwenye kueneza habari ya uongo kwa njia ya mitandao ya kijamii. Hata hivyo wengi miongoni mwetu hawajapata kuisikia sheria hiyo, na baadhi ya walioisikia wameidhania kuwa ni jambo la watu wa Kinshasa.

Malalamiko yanayoletwa katika ofisi yetu, ijapokuwa yanatoka kwa watu mbalimbali, yana sura moja: mtu alikuwa na picha ya haki yake, akaitia katika programu ili aisafishe, akaihifadhi juu ya ile ya kwanza, na siku alipotakiwa kuionyesha ya kwanza hakuwa nayo. Twajua pia kwamba maandiko ya ofisi aghalabu hupokewa kwa dhana mbaya, kila mtu akidhani kwamba anatafutiwa faini. Dhana hiyo iondolewe. Hatumkatazi mtu yeyote kuhariri picha zake za kawaida. Jambo kubwa tunalolikataza ni moja, nalo tutalikariri hata msomaji achoke: picha ya asili isiguswe.

Programu hizi hufanya nini

Programu za picha ziko za namna mbili, na asiyetambua tofauti yake atapatwa na hasara bila kujua imetokea wapi. Namna ya kwanza ni ile ya zamani, inayoongeza mwanga, kusawazisha rangi na kukata kingo: Photoshop, iliyoanza kuuzwa mwaka 1990, GIMP, iliyotolewa mwaka 1996 na isiyolipiwa hata faranga moja, au Snapseed, ambayo hufanya kazi ndani ya simu. Hizi huchezea kile kilichonaswa na kamera, na kwa kawaida hazileti kisichokuwapo.

Namna ya pili ni ya akili bandia, ambayo kwa amri moja humwondoa mtu aliyesimama nyuma ya bibi harusi, huziba nafasi yake kwa ukuta au majani, na kuufanya uso uliofifia uonekane kana kwamba umepigwa leo. Tangu mwaka 2021 baadhi ya simu zimekuwa na kifutio cha namna hii, na mwaka 2023 Photoshop nayo ikapewa uwezo wa kuzalisha vitu vipya ndani ya picha. Watu huviona vitendo hivi wakadhani kwamba programu imeona kilichofichika. Haikuona. Kitu ambacho kamera haikukinasa hakimo katika picha, wala hakuna ufundi wa kukitoa humo. Programu hukisia tu, kwa kufuata mamilioni ya picha nyingine iliyofundishwa kwazo, mfano wa shahidi aliyekuwa amelala usingizi wakati wa ugomvi, kisha akaamka na kulisimulia shauri lote kwa ufasaha.

Mwaka 2020 programu moja iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, kwa ajili ya kung'arisha nyuso, ilipewa picha ya Barack Obama iliyopunguzwa hata ikawa vijisanduku vya rangi, nayo ikatoa uso wa mzungu. Ikiwa uso wa aliyekuwa rais wa Marekani, anayejulikana duniani kote, ulibadilishwa hivyo, msomaji na apime mwenyewe yatakayoupata uso wa mchimbaji wa Mutoshi, uliojaa vumbi, uliopigwa magharibi kwa simu ya bei nafuu.

Onyo la kwanza: hati na vitambulisho

Kwa miaka mingi kadi ya mchaguzi imetumika katika nchi yetu mahali pa kitambulisho cha taifa, na kila mtu anafahamu jinsi maandishi na sura katika kadi nyingi zilizotolewa kwa uchaguzi wa mwaka 2023 zilivyofifia upesi, bila ya kosa lolote la wenye kadi. Hapo ndipo wengine walipodhani wamepata hila nzuri: huipiga picha kadi iliyofifia, wakaiamuru akili bandia irudishe jina, nambari na uso, kisha wakachapisha kile kilichotoka. Twasema kwa sauti ya juu kwamba hiyo si kadi iliyotengenezwa, ni kadi iliyoghushiwa, hata ikiwa nia ya mwenyewe ilikuwa safi kama maji ya mvua. Kwani programu inayokisia uso hukisia na tarakimu, ikaweza kuifanya 3 kuwa 8 bila kumwarifu mtu, na askari au karani wa benki atakayeilinganisha nambari hiyo na daftari hataiuliza nia yako. Dawa ya kadi iliyofifia ni moja: kwenda kwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, CENI, na kuomba nakala yake halali.

Hukumu ni hiyo hiyo kwa kadi ya mchimbaji mdogo. Kanuni ya Madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inamtaka mchimbaji awe Mkongomani mtu mzima na awe katika ushirika. Masharti mengine yaliyobaki yanajulikana na kila ushirika, wala hatuna haja ya kuyarefusha hapa. Tunalotaka lishikwe ni kwamba kumtia mtoto ndevu na makunyanzi kwa programu ya simu ili apite langoni hakumwongezei hata siku moja ya umri, bali humtia yeye shimoni na mzazi wake mashakani. Mzazi anayefanya hivyo asijitetee kwamba ulikuwa mchezo.

Onyo la pili: picha ya ushahidi

Yamkini msomaji atauliza kwa nini tunaishikilia asili namna hii. Jibu limo katika tarehe ya nchi yetu wenyewe. Mwaka 1904 Alice Seeley Harris, mke wa mmisionari katika Baringa, alimpiga picha Nsala akiutazama mkono na mguu wa binti yake Boali, vilivyokatwa katika utawala wa kampuni ya mpira. Picha hiyo na nyingine za namna yake zilionyeshwa katika mikutano ya Uingereza na Marekani, zikasaidia kuamsha hasira iliyomlazimisha mfalme Leopold wa Ubelgiji kuiachia Kongo mwaka 1908. Mfalme alikuwa na fedha, mawakili na magazeti ya kumtetea, lakini hakuwa na jawabu la picha zile. Na lau ingethibitika kwamba mkono mmoja tu ulichorwa, basi hata mikono ya kweli ingekataliwa.

Katika mkoa wetu wa Lualaba haja ya picha za kweli haijapungua. Tarehe 27 Juni 2019 udongo uliporomoka katika shimo la KOV, ndani ya eneo la Kamoto Copper Company, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Tarehe 15 Novemba 2025 daraja lilianguka katika machimbo ya Kalando na kuua watu wasiopungua 32, na chanzo chake kikabishaniwa. Katika misiba kama hiyo picha ya simu ya mtu wa kawaida yaweza kuwa ndiyo inayoonyesha ufa ulikuwa wapi, na nani alisimama wapi. Mtu akiing'arisha picha hiyo, akafuta kichaka, au akaiongezea watu ili iwaumize zaidi watazamaji, amewaibia wafiwa hoja yao, maana atakayeligundua badiliko moja ataikana picha nzima.

Wala asidhani mtu kwamba kosa dogo husamehewa. Machi 2024 mashirika makubwa ya habari duniani yaliiondoa picha ya Catherine, binti mfalme wa Wales, pamoja na watoto wake, kwa sababu mkono wa sweta ya mtoto mmoja haukulingana. Naye akaomba radhi, akieleza kwamba hujaribu kuhariri picha kama wafanyavyo wapigapicha wengi wasio wa kazi hiyo. Ilikuwa picha ya familia tu. Yako ya shimo lililoporomoka itapimwa kwa mizani kali zaidi.

Utaratibu wa kufuata

1. Kabla hujafungua programu yoyote, ifanyie picha nakala. Ile ya kwanza uiweke katika folda ya peke yake yenye jina ASILI, na nakala yake nyingine uihifadhi nje ya simu, katika flashi au kadi ya kumbukumbu, kwa kuwa simu huibiwa na huanguka majini.

2. Fanya kazi juu ya nakala peke yake. Programu ikikuuliza kama iandike juu ya picha ya zamani, kataa, na uhifadhi kwa jina jipya.

3. Picha ya ajali, ya jeraha, ya mpaka wa kiwanja au ya mizani ya mnunuzi wa madini isihaririwe kabisa, hata kuongezwa mwanga. Ikiwa ni ya giza, mpe mpelelezi giza hilo.

4. Usiitume picha ya ushahidi kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa sababu hubanwa na kuondolewa habari za saa na mahali ilipopigwa. Itume kama faili, kwa njia ya dokumenti, ijapokuwa itakula mega nyingi zaidi.

5. Usiitie picha ya hati, wala ya mtoto, katika programu inayofanya kazi kupitia intaneti. Picha hiyo husafiri hadi kompyuta za nchi nyingine, nawe huna mamlaka ya kuirudisha.

6. Kila picha iliyoguswa na akili bandia iandikwe hivyo waziwazi, hata ikiwa ya mzaha.

Yaliyo halali

Mwenye picha ya babu yake aliyefanya kazi katika kampuni ya Union Minière, enzi ambapo Mutoshi iliitwa Ruwe, ana ruhusa kamili ya kuziba mikwaruzo na kuitia rangi, madhali anaihifadhi picha ya kijivu na kukumbuka kwamba rangi ya kofia ya babu imekisiwa. Na mwenye kipaji ana ruhusa ya kwenda mbali zaidi. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, aliwachukua vibarua wa picha za zamani za kikoloni akawasimamisha mbele ya viwanda vya Gécamines vilivyochakaa, katika mfululizo wake uitwao Mémoire wa mwaka 2006. Picha zile zimeonyeshwa ulimwenguni na hakuna aliyedanganyika, kwa kuwa msanii hakuficha kwamba ameunganisha, na maunganisho yenyewe ndiyo yaliyobeba maana. Sanaa inayojitangaza ni sanaa. Inayojificha ni ghushi.

Neno la mwisho

Ofisi yetu imetimiza wajibu wake: imeieleza sheria kwa lugha inayofahamika sokoni na machimboni, imeuonyesha utaratibu usiohitaji fedha wala elimu kubwa, na imeonya zaidi ya mara moja, jambo ambalo si kila ofisi hulifanya. Lililobaki ni la msomaji. Basi leo, kabla ya kulala, fungua simu yako, zitenge picha za hati zako na za kazi yako, uzinakili, uwafundishe na watoto ambao mara nyingi ndio wanaozijua programu hizi kuliko sisi. Atakayepoteza asili yake baada ya kukisoma kijitabu hiki asije kwetu kulalamika kwamba hakuambiwa.