Ndege wa Vidole Vitatu

Somo letu la mwezi huu ni juu ya ndege mdogo ambaye wengi wetu tumempita bila kumwona.

Nilipokuwa mwalimu kijana tulichoma pori ili tupate shamba la shule. Baada ya moto mwanafunzi mmoja aliniletea ndege aliyekufa, aliyemwokota kando ya mayai manne. Akasema, "Mwalimu, ana vidole vitatu tu kila mguu." Nilimjibu kwamba huyo ni tombo, kidole cha nne kimeungua, tena ni mama aliyekataa kuacha mayai yake. Nilikosea yote matatu.

Tombo ana vidole vinne. Ndege huyu hana kidole cha nyuma. Wataalamu humwita Turnix sylvaticus, na ingawa umbo lake ni la tombo, jamaa zake ni shakwe wa pwani. Urefu wake ni kama sentimeta 15. Hukaa katika nyasi na vichaka, akila mbegu na wadudu. Akisikia hatua hujibanza au hukimbia. Huruka pale tu anapokaribia kukanyagwa, kisha hutua upesi.

Jike ndiye mkubwa na mwenye rangi zaidi, na ndiye aitaye kwa sauti nzito. Akisha kutaga humwachia dume mayai, akaenda kutafuta mwingine. Dume huatamia siku 12 hadi 15, kisha hulea vifaranga. Yaelekea basi aliyekufa katika moto wetu alikuwa baba.

Huko Hispania aliitwa torillo, yaani fahali mdogo, kwa ajili ya ngurumo ya jike. Vichaka vilifyekwa, mifugo ikazidi, naye akawindwa. Wa mwisho kuthibitishwa alikuwa wa mwaka 1981. Serikali ilitangaza kutoweka kwake mwaka 2018, miaka 37 baadaye. Ajifichaye huweza kwisha kimya, watu wakidhani yupo.

Kwetu Tanzania bado yupo. Basi, unapotayarisha shamba, fyeka badala ya kuchoma. Ndege mdogo akiruka miguuni pako, tazama chini kabla ya kushusha panga. Ukiona mayai, acha kichaka kile majuma mawili. Vifaranga wakianguliwa huondoka kiotani mapema.

Maswali ya nyumbani:
1. Dume wa ndege huyu hufanya kazi gani?
2. Kwa nini Hispania walichelewa kujua kwamba ametoweka?
3. Mtoto akikuambia vidole ni vitatu, je, utahesabu pamoja naye?